Nyoka Abaki, Tanuru Litolewe

Mpendwa kaka,

Ujumbe wako wa sauti tuliusikiliza Jumamosi iliyopita, huku mtaani Bilele, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la Bi Shirin. Una sekunde kumi na moja. Najua kwa sababu nimeurudia mara nyingi kuliko unavyostahili ujumbe usio na habari ya msiba wala ya harusi. Ulisema hivi: "Mwacheni Injinia arekebishe. Lile tanuru tulilitunga tu, tulikuwa watoto. Mimi sina neno." Ukacheka kidogo, ukakata.

Wewe huna neno. Mimi ninayo mengi, na nimeamua kuyaandika badala ya kuyasema, kwa sababu nikikupigia utaniambia mtandao unasumbua. Nakala moja ni yako. Nyingine naibandika ukutani kwa Bi Shirin, juu ya meza yetu, ili Injinia naye aisome asije akasema nilimteta.

Kwa kuwa ukuta ule unapitiwa pia na watu waliofuata kanga na mashuka, ngoja nieleze mchezo kwanza. Wewe vumilia. Inaonekana nawe unahitaji kukumbushwa.

Watu wanakaa mezani. Kila mmoja anajifanya mtu wa nchi isiyokuwepo: huyu jemadari, yule mganga, mwingine mwizi wa ng'ombe aliyeokoka. Msimulizi anasema kilicho mbele yenu, nanyi mnasema mtafanya nini. Jambo likiwa na wasiwasi, unarusha punje mbili za kahawa zilizotoka kwenye tunda moja. Zikilala zote mistari juu, umefaulu. Zikilala zote migongo juu, umeshindwa. Moja hivi na moja vile, umefaulu lakini kuna kitakachokuuma baadaye. Hakuna kompyuta, hakuna umeme, hakuna mshindi. Wateja wangu huniuliza faida yake ni nini. Nawauliza faida ya mpira wanaoutazama wakiwa wamekaa.

Mchezo huo ni wako, kaka. Uliuanza Kamachumu, likizo ndefu, wewe una miaka kumi na miwili na mimi tisa, tumewekwa kulinda kahawa iliyoanikwa kwenye majamvi isiparuliwe na kuku wala kunyeshewa. Mvua haikuja, kuku walikuwa na adabu, na wewe hukuwahi kuwa mtu wa kukaa kimya. Ulitafuta kauntabuku iliyobaki kurasa nyingi, ukaandika jina lako juu ya jalada kwa herufi kubwa, na chini yake neno moja: NCHI. Jina langu hukuliandika. Nililiona hilo siku hiyo hiyo, nikalitunza. Leo nalitaja mara ya kwanza.

Mwanzoni tulitunga ovyo. Ulikuwa na kioo kinachoonyesha adui alipo. Mimi nilikuwa na viatu vinavyotembea vyenyewe. Wewe ukaongeza fimbo ya kuita mvua, mimi nikaongeza mwavuli wa kuifukuza. Baada ya wiki moja hakuna aliyeogopa chochote ndani ya Nchi, maana kila tatizo lilikuwa na kifaa chake, na mchezo ukawa kama kusikiliza watu wawili wakitajiana vitu vya dukani. Ukakasirika. Ukasema lazima kuwe na sheria, na sheria yenyewe ni hii: kila kitu kinaruhusiwa uongo mmoja. Ukitia wa pili, kitu hicho kinapelekwa kwa babu.

Babu alikuwa na kibanda chake nyuma ya nyumba, pembeni ya migomba, akifua visu vya kupogolea na kunyoosha majembe ya watu. Hakuacha kazi kutusikiliza. Tulisimama mlangoni tukaeleza, naye bila kuinua macho akauliza maswali yake matatu, daima hayo hayo, kwa mpangilio huo huo. Kinakula nini? Kikiharibika, nani anakitengeneza? Mwizi akikiiba, atakiuza wapi?

Viatu vyangu vilianguka swali la kwanza.

"Havili kitu, babu."

"Basi vimekufa. Kilichokufa hakitembei."

Wewe ulikuja na mtumbwi usiopigwa kasia, unaokwenda kwa kunywa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Ulijiandaa, ukachora na bomba. Babu akauliza unakula nini, ukasema rubisi, umesimama kifua mbele.

"Na wapiga kasia?"

"Wamekaa tu, babu. Hawana kazi."

"Wamekaa na rubisi, hawana kazi," akasema. "Mtumbwi huo utakufa njaa kabla ya kufika kisiwa cha kwanza."

Ukaufuta. Uliufuta kwa hasira mpaka ukurasa ukatoboka, lakini uliufuta. Tundu lile lipo hadi leo.

Halafu kukawa na nyoka. Huyu unamkumbuka, kila mtu anamkumbuka. Tuliokota jiwe jeusi kwenye kibanja, katikati ya migomba, kubwa kama ngumi, zito kuliko lilivyopaswa kuwa, upande mmoja laini na upande mwingine limejaa matundu. Ukasema ni kichwa cha nyoka anayeruka. Likawa ndilo tunaloliweka jamvini kila alipotokea, na nakiri lilinitisha kuliko mchoro wowote. Lakini nyoka mwenye mabawa tayari ni uongo mmoja, nawe ukataka pia ateme moto. Tukapelekana kwa babu.

"Anakula nini?" akauliza.

Hatukuwa tumelifikiria hilo. Ukampa jiwe, nadhani kwa kununua muda. Babu aliacha nyundo, jambo ambalo hakulifanya hata kwa wageni. Akaligeuza jiwe mkononi, akalipima uzito, akatabasamu bila kututazama. "Huyu," akasema, "anakula moto wa wazee wangu." Akaturudishia. Tukakimbia kwenda kuandika: nyoka anakula moto. Maswali mengine mawili hakuyauliza.

Siku chache baadaye ndipo ulipoandika tanuru. Ulihitaji watu wa Nchi wawe na mikuki ya kumtoboa nyoka, mikuki migumu kweli, ukaandika kwamba wanachimba mawe wanayatia motoni na chuma kinatoka. Tukampelekea babu. Safari hiyo hakuuliza swali hata moja. Alisema, "Sivyo," akavuta kigoda, akatueleza. Shimo linachimbwa. Ndani yake yanachomwa matete ya bondeni mpaka yawe makaa. Juu panajengwa kwa udongo wa kichuguu, maana huo haupasuki. Mabomba ya udongo hayaishii ukutani, yanaingizwa ndani kabisa ya moto, ili pumzi ya mivukuto ifike katikati ikiwa imekwisha kupata joto. Mivukuto minane, watu wanapokezana wakiimba, na mwenye kuchoka anatukanwa. Alisema aliliona moja likiwashwa alipokuwa mdogo, la mwisho, na kwamba chuma chake kilikuwa kigumu kuliko hiki anachonunua sasa.

Uliandika kurasa tatu huku ulimi umetoka nje ya mdomo. Mimi nilikushikia kidau cha wino. Kaka, tulitunga wapi hapo?

Sasa nije kwa Injinia.

Ulipoondoka kwenda ng'ambo uliniachia kauntabuku na feni mbovu. Feni niliitengeneza. Kauntabuku ilikaa kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu, Kashai, chini ya simu zilizotumbukia chooni, mpaka siku Bi Shirin alipokuja na simu ya aina hiyo na hakuwa na haraka ya kurudi dukani. Akaisoma yote akiwa amesimama. Wiki iliyofuata tulianza kucheza kwake. Familia yake ni karibu ya mwisho iliyobaki katika ule mtaa wa maduka ya Wahindi, chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa majora yasiyo na mnunuzi, na alisema afadhali kiwe na vita. Yeye ni jemadari mwenye mkia. Mzee Hamadi, fundi cherehani wa barazani pake, ni mganga. Injinia alijiunga mwaka jana, akawa mwizi wa ng'ombe. Mimi ni msimulizi.

Injinia si mjinga, na sitaki barua hii imfanye mjinga. Alikokotoa nyoka anaweza kubeba watu wangapi kabla ya kushindwa kuruka, akapata wawili na mbuzi mmoja, na tangu hapo mchezo umekuwa mzuri zaidi. Ni yeye aliyesema Nchi ichapwe iwe kitabu, watu wa miji mingine wacheze. Nilifurahi. Nikampa kauntabuku akaisome nyumbani. Alirudi nayo imejaa kalamu nyekundu.

"Hapa," akasema, akigonga zile kurasa tatu, "hapa ndipo msomaji atakaponiacha."

"Kuna nini?"

"Tanuru. Watu wa mikuki na nyumba za nyasi hawawezi kuwa na chuma cha pua. Joto lake wangelipata wapi? Inavunja uhalisia."

Bi Shirin akaweka kikombe chini. "Injinia, mimi nina mkia."

"Hilo ni suala jingine, Bi Shirin."

"Mwezi uliopita nilimkaba mtu kwa mkia, ukanipigia makofi."

"Mkia ni ndoto, na kila mtu anajua ni ndoto. Tanuru ni teknolojia. Teknolojia ina kanuni zake."

"Na nyoka?" nikauliza.

"Nyoka abaki. Watu wanapenda nyoka."

Alikuwa na pendekezo tayari, limechapwa. Tanuru litolewe. Chuma kije kwa meli kutoka ufalme wa ng'ambo ya ziwa, kwa watu wa majumba ya mawe na kofia za chuma, na watu wa migomba walipe kwa ngozi na ndizi. Ndivyo ilivyo kwenye gemu zote kubwa, akasema, na mchezaji amezoea, haulizi.

Sikupandisha sauti. Nilimuuliza maswali ya babu.

"Hizo silaha za meli zinakula nini?"

"Mafuta kidogo, zisishike kutu."

"Zikikatika, nani anazitengeneza?"

Akafikiri. "Zinarudishwa ng'ambo."

"Na vita?"

"Wanasubiri meli."

Mzee Hamadi, ambaye kwa kawaida husema mambo mawili kwa mchana mzima, akakata uzi kwa meno. "Basi mimi nimekufa ukurasa wa pili, nasubiri meli," akasema. Hilo lilikuwa la kwanza. La pili hakulisema.

Injinia akakunja karatasi yake. "Mnanihoji kwa maswali ya mzee wa kijijini."

"Ya babu yangu."

"Ndiyo maana nasema tumuulize mwenye daftari. Jina la jalada ni la kaka yako."

Ndivyo ulivyoulizwa, na ndivyo ulivyojibu. Jumamosi hii kurasa zinakwenda kwa mpiga chapa, na kwa neno lako zinakwenda bila tanuru. Injinia alipokuwa anaondoka nilimuuliza watu wanaoshindwa kupata joto ni watu gani hasa. Akasema, watu wa namna ile. Namna ipi? Akaonyesha mkono kuelekea nje, kwenye vilima. Mama yake ana kibanja Muleba, kaka. Anakula ndizi zake kila wiki.

Hapo ndipo damu yangu ilipochemka na haijatulia. Yeye hasemi jambo lile haliwezekani. Anasema kwetu haliwezekani. Meli ya watu wa kofia za chuma hakuiuliza inakula nini. Nyoka mwenye mabawa alimkaribisha mezani. Kitu pekee kilichomkwama kooni ni mtu wa Kamachumu kujua kazi.

Lakini yeye hakuwahi kusimama mlangoni pa babu, anaweza kusamehewa. Wewe ulikuwa umekaa pale. Wewe mwandiko ule ni wako. Mwaka juzi uliniambia picha zote za mama umezihifadhi kwenye wingu, na mimi sikukuuliza wingu linakula nini, likiharibika nani anapanda kulitengeneza. Nilikuamini. Mimi niliyejifunza ufundi kwa kufungua simu zilizokufa na kutazama, nisiye na cheti hata cha kushona vifungo, nilikuamini kwa sababu ni wewe. Na wewe babu yako ulimpa sekunde kumi na moja.

Nilijaribu kukutetea moyoni. Nikasema labda kaka anadhani babu naye alikuwa anatutungia, mzee na wajukuu, mchana mrefu. Hilo nilikuwa nimeanza kulifikiria hata mimi, ndiyo aibu yangu ya kuandika hapa. Kwa hiyo Jumanne nilifunga kibanda nikaenda Kamachumu.

Shangazi alikuwa anachimba mashimo ya migomba mipya, upande ule kilipokuwa kibanda cha babu. Pembeni ya kila shimo alikuwa ameweka kirundo cha mawe meusi. Nikainama. Mazito. Upande mmoja laini kama uji uliomwagika ukaganda, upande mwingine matundu matupu. Moja lilikuwa na alama za mabua ya matete, zimepigwa humo kama muhuri, unaweza kuyahesabu.

"Shangazi, mawe haya ni ya nini?"

"Mawe gani? Hayo ni mavi ya chuma, makapi yanayobaki tanuruni. Tukichimba upande huu hayaishi. Baba alitukataza kuyatupa njiani, ng'ombe walikuwa wanaumia kwato."

"Chuma cha nani?"

Akanitazama kama nimeuliza maji ya ziwa ni ya nani. "Cha hapa, waitu, mwanangu. Cha baba zake. Kwani alipokuwa anawasimulia pale mlangoni, nyie mlidhani anasema nini?"

Nilimsaidia mashimo mawili, akanipa ndizi za kurudi nazo mjini.

Njiani nilimkumbuka babu na jiwe letu mkononi, anavyoligeuza, anavyotabasamu bila kututazama. Alituambia. Alitutajia kabisa, kwa maneno manyoofu, kitu alichokishika ni nini na kimetoka wapi. Nasi tukakimbia kuandika kwamba nyoka anakula moto. Jambo la kweli tuliligeuza hadithi mbele ya macho yake, naye akatuacha. Labda aliona tutakua. Wewe umekua, umefika mbali, na hadithi umeibakiza. Iliyo kweli ndiyo umeiita utoto.

Jiwe letu unalo. Ulilichukua siku ya safari, ulidhani sikuona. Kila tunapopigiana simu ya picha naliona nyuma yako, juu ya meza, limekandamiza karatasi karibu na dirisha lenye theluji. Miaka yote hii umekaa nalo chumba kimoja.

Kwa hiyo sikuombi uamini kitu. Naomba uinuke kwenye hicho kiti, uende mezani, uliinue. Lipime uzito kama alivyolipima yeye. Ligeuze upande wa chini, tafuta kama lako nalo lina alama za mabua. Kisha tuma ujumbe mwingine, hata huo uwe wa sekunde kumi na moja, zinatosha. Jumamosi nitaiweka simu katikati ya meza, karibu na zile punje mbili, na hatutaanza kucheza mpaka iite.

Ukisema tanuru libaki, litabaki, na Injinia atatusaidia kukokotoa joto lake, maana hesabu anazijua na mimi sizijui. Ukisema bado litolewe, jina la jalada ni lako, nitalitoa mimi mwenyewe, kwa kalamu yangu, kurasa zote tatu. Lakini siku hiyo hiyo nitamtoa na nyoka. Bila moto wa tanuru hatakuwa na kitu cha kula, na swali hilo babu alishaliuliza.

Baridi ya huko isikuzoee. Shangazi anakusalimu, na vile virundo vyake bado viko pembeni ya mashimo.

Ni mimi, mdogo wako, niliyekushikia kidau.